Moyo Wangu Ulikuwa Kwenye Simu ya Dufie

“Ngoja nikusomee mimi, maana macho yako ni ya kukonyezea wanaume, si ya kusomea!”

Dufie alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitenge kakifunga kifuani, simu kainyanyua usawa wa uso. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

“‘Birago, habari za asubuhi. Moyo wako unaendelea kupona. Leo tembea taratibu mpaka jasho jembamba likutoke. Punguza chumvi. Jiepushe na samaki wa chumvi.’ Umesikia, mama? Jiepushe!”

“Dufie, huo ujumbe ni wangu.”

“Wako, kwenye simu yangu? Basi njoo uichaji.”

Kicheko kikapasuka uani. Nyumba yetu hapa Bantama, Kumasi, ina vyumba vingi, ua mmoja na bomba moja, na hakuna anayepigia mswaki ndani kukiwa na ugomvi nje. Wote walikuwepo. Fundi redio alikuwa hata hajavaa shati.

“Nani aliwapa namba yangu?” Dufie akauliza.

“Ni mimi.”

“Nani aliyetangazia nyumba nzima kwamba samaki wangu wanaua?”

“Sikusema wanaua. Hospitali ndiyo iliyosema wana chumvi.”

“Hospitali haishindi kwenye bomba letu, Birago. Anayeshinda kwenye bomba ni wewe.”

Hapo alinipata.

Kwa msomaji aliyeingia leo, nikueleze kwa kifupi, maana hata mimi nimechoka kuyarudia. Naitwa Birago, muuza fufu, ule ugali wetu wa kutwanga. Nilianguka mbele ya sufuria yangu ya supu, wateja wakadhani nimeinama kuokota mwiko. Madaktari wakasema moyo ulikosa damu. Nikiwa bado kitandani hospitalini, mume wangu Amponsah akahamishia nguo zake kwa msusi mmoja wa Suame. Nikatoka na mfuko wa vidonge na katazo la kushika mchi. Muuza fufu asiyetwanga anauza nini? Nikafunga kibanda.

Hayo mlishayasoma, na wengine mliniandikia kunipa pole. Asanteni. Wiki hii ni habari ya Dufie.

Siku ya kuruhusiwa, sista wa kliniki ya moyo, anaitwa Oforiwaa, alinieleza kwamba watakuwa wananitumia ujumbe wa simu. Asubuhi wa kunikumbusha, jioni wa kuniuliza. Nimekunywa dawa? Nibonyeze moja. Sijanywa? Mbili. Nikinyamaza kimya, wao huko hawawezi kujua kama nimesahau au nimekata roho, kwa hiyo itapigwa kengele kwenye simu ya mtu wangu wa karibu, aje agonge mlango.

“Nipe namba ya mtu wako wa karibu,” akasema.

“Karibu kwa damu au kwa mlango?”

“Yule atakayesikia ukianguka.”

Sikujiuliza mara mbili. Mimi na Dufie tumegawana ukuta mmoja tangu binti yangu anatambaa. Akikohoa najua kama ni mafua au ni vumbi la soko. Tulikuwa tukila bakuli moja, mkono wangu na mkono wake. Nikatoa namba yake kama mtu anavyotoa ya kwake.

Hatukuambiwa kwamba hata ule ujumbe wa asubuhi, nakala yake itakuwa inakwenda kwake. Mwanzoni ilikuwa raha. Anagonga ukuta: “Shoga, wameshakuandikia, umeona?” Mimi herufi za simu na macho yangu hazipatani, kwa hiyo nilikuwa nachukua simu mpaka bombani, nampa Mwalimu Nti asome.

Mwalimu Nti ni mstaafu, anaimba kwaya, na hajui kusoma kitu kwa sauti ya chini. Watu wakaanza kusogea. Akina mama wanasimama na ndoo zimeshajaa, wanangoja. “Leo moyo wa Birago unasemaje?” Mama wa chumba cha kona akaanza kutembea na mimi asubuhi. Fundi redio akaacha sigara, akaacha kweli, mpaka mchana.

Tangu Amponsah aondoke, hiyo ndiyo mara ya kwanza mlango wangu ulikuwa na watu. Msinilaumu. Nyumba ikiwa kimya, ndipo ninapoumwa.

Kisha ukaja, kwa mara ya kwanza, ule ujumbe wa samaki wa chumvi.

Dufie anauza koobi. Ni sato anayepasuliwa, anashindiliwa chumvi, anaanikwa mpaka anakuwa mgumu kama soli ya kiatu. Ukimtia kwenye mchuzi wa majani, jirani wa nyumba ya tatu anajua unachopika. Hapo uani kwetu hakuna chungu kilichokuwa hakina koobi wa Dufie.

Mwalimu alisoma ule ujumbe mara mbili, kwa kuwa mama wa chumba cha kona aliomba arudie. Jioni ile hakuna aliyenunua. Kesho yake hakuna aliyenunua. Keshokutwa habari zikavuka ukuta zikaingia nyumba ya pili, na huko hazikufika zikiwa na chumvi tena, zilifika zikiwa na sumu. “Samaki wa yule mwanamke ndio waliomwangusha muuza fufu.” Kabla Jumapili haijafika, wanawake walikuwa wanaipita meza ya Dufie sokoni wakitazama upande mwingine.

Mimi nilijua. Ningeweza kumwambia Mwalimu asome kwa sauti ndogo. Ningeweza kusimama bombani nikasema hapana, jamani, chumvi ni chumvi, Dufie hana kosa. Niliona watu wamejaa, nikajikalia zangu nikipepewa.

Basi turudi uani.

“Kama ujumbe wangu unakukera,” nikamwambia, “si uizime simu yako?”

“Niizime nisijue umekufa? Ndugu zako wakija nitawaambia nini, sikuwa na chaji?”

“Afadhali nife wewe usijue!”

“Ndiyo maana Amponsah alikimbia!” Dufie akapaza sauti. “Alichoka kulala na mtu anayejisikiliza kifua usiku kucha!”

Mwalimu Nti akatoa mswaki mdomoni.

“Dufie,” akasema, “hilo umekwenda kulichukua mbali.”

“Na samaki wangu je, Mwalimu? Wewe uliyekuwa unawasomea kama injili, hukuona mbali?”

Mwalimu akarudisha mswaki.

Nikaingia ndani, nikavaa viatu. Ujumbe ulisema nitembee. Nikatembea mpaka kliniki.

Sista Oforiwaa alikuwa anampima mzee mmoja. Nikangoja kwenye benchi. Aliponiona akashtuka.

“Mama Birago, siku yako si leo. Kifua?”

“Kifua kizima. Nataka umtoe Dufie kwenye mambo yangu ya simu.”

“Dufie yupi, huyu anayenipigia?”

“Anakupigia?”

“Mara kwa mara. Juzi ameniuliza kama vile vidonge vyeupe vikikutia kizunguzungu unywe kabla ya kula au baada. Akasema wewe huwezi kuuliza, utaona aibu. Kabla ya hapo aliniuliza habari za koobi. Akilowekwa, akabadilishwa maji, akalowekwa tena, je, utaweza kula japo kipande?”

Nikakaa vizuri kwenye benchi.

“Ukamjibuje?”

“Nikamwambia samaki yule chumvi imeshamwingia mpaka mfupani. Itapungua, haitaisha. Na moyo wako bado mchanga, miezi hii ya mwanzo hapana, hata kipande.” Sista akatabasamu kidogo. “Akaniambia, ‘Sasa, sista, yule nitamkaribisha na nini? Mimi tangu nizaliwe najua kupika kitu kimoja.’”

Sikucheka. Nilikuwa naangalia vidole vyangu.

“Bado unataka nimtoe?”

Ndugu msomaji, ningependa kukuambia nilisema hapana, nikarudi nyumbani, nikamshika mkono Dufie, na hadithi ikaishia hapo. Wengine mnapenda hadithi za namna hiyo. Lakini jina la Amponsah lilikuwa bado linanilia masikioni, na lilikuwa limesemwa mbele ya fundi redio asiyevaa shati.

“Mtoe,” nikasema.

“Nimweke nani?”

Nikaanza kuipita nyumba mlango kwa mlango kichwani. Binti yangu yuko Tamale, akigonga mlango huko mimi sitasikia. Fundi redio jioni hajijui mwenyewe. Mama wa chumba cha kona ataleta nyumba nzima kabla hajaniletea maji. Nyumba yangu imejaa watu, nikakosa mtu.

“Mweke Mwalimu Nti.”

“Anasikia vizuri?”

“Akitaka.”

Akabonyeza bonyeza kwenye kompyuta yake, ikawa imekwisha. Akanishika bega.

“Mama, na ugomvi pia unapanda kifuani. Siwezi kuutuma kwenye simu, ndiyo maana nakuambia kwa mdomo.”

Nilirudi taratibu, napumzika kwenye kila kivuli cha duka. Uani hakuna aliyenisemesha. Mlango wa Dufie ulikuwa umefungwa, meza yake haikutoka kwenda sokoni. Ndani kwake nikasikia maji yanamwagwa kwenye beseni, yanamwagwa tena. Nikasema anafua hasira zake.

Jioni nilikuwa nimelala juu ya kitanda na nguo zangu. Ndipo kifua kikanibana. Hayakuwa yale maumivu ya siku ya sufuria, lakini undugu yalikuwa nao. Nikavuta mfuko, nikatoa kile kidonge cha dharura, nikakiweka chini ya ulimi kama nilivyofundishwa, nikakaa nimeegemea ukuta. Ukuta wetu.

Simu ikalia. Ule ujumbe wa kuniuliza. Ilikuwa hapo mapajani, kidole changu hakikuwa mbali. Kubonyeza moja tu. Sikubonyeza.

Msiniulize kwa nini. Mtu anachoka. Nilichoka kuulizwa na kitu kisicho na uso kama bado nipo.

Nikawa nasikiliza. Siku zote nikichelewa kubonyeza, baada ya muda simu ya Dufie inalia upande wa pili, nasikia kiti kinasukumwa, nasikia kandambili zake, na mlango wangu unagongwa kabla sijakaa sawa. “Shoga, bonyeza hicho kidude, watu tunataka kula kwa amani!”

Nikangoja kile kiti.

Hakuna kilicholia. Nikakumbuka: nimemtoa. Wa kuja sasa ni Mwalimu. Na leo ni siku ya mazoezi ya kwaya. Na Mwalimu akiingia kanisani anazima simu, kwa heshima ya Mungu na ya betri.

Basi nikajua nilichofanya. Uani watu wanacheka, mtu anatwanga, redio inaimba, na mimi nimeweka ukuta katikati yangu na wao kwa mkono wangu mwenyewe. Kifua kikaanza kulegea kidogo kidogo. Machozi nayo yakapata nafasi.

Kiti kikasukumwa.

Kandambili.

“Birago!” Mlango ukapigwa, si kugongwa, kupigwa kwa kiganja. “Birago, fungua!”

“Unataka nini?”

“Simu yangu haijalia.”

“Sasa?”

“Sasa nini? Yako imelia, nimeisikia. Ukibonyeza huwa inasema ti. Leo haijasema ti. Hukubonyeza, na yangu haikulia. Kwa nini haikulia?”

Nikainuka nikishika ukuta, nikafungua. Nyuma yake uani mchi ulikuwa umeshasimama hewani. Mama wa chumba cha kona kabeba ndoo, hajui aitue au aende nayo.

Dufie akanitazama kuanzia miguuni.

“Umenitoa,” akasema.

Nikayakwepa macho yake, nikatazama kandambili zake.

“Nimekuuliza. Umenitoa?”

“Nimekutoa.”

Nilitegemea matusi. Aliweka tu mkono kwenye fremu ya mlango, kama yeye ndiye mwenye moyo mbovu.

“Biashara yangu umeivuruga,” akasema. “Nikanyamaza.”

“Hukunyamaza,” fundi redio akasema kutoka kule.

“Wewe vaa shati kwanza!” Akanigeukia. “Meza yangu sokoni inapitwa kama kaburi. Nikasema sawa, maneno ya watu, yatapita. Leo nimekutukana kwa jina la mumeo, nimekosa, nilitaka nikuambie nimekosa. Lakini wewe, Birago, unanitoa mpaka kwenye kufa kwako? Umemweka nani?”

“Mwalimu.”

“Mwalimu!” Akapiga makofi mara moja, mikono akaiacha wazi. “Mwalimu yuko kanisani, simu kaizima! Ungekufa angekuja kujua msibani, tena akaombwa aimbe!”

Mtu akacheka uani, akajizuia. Mimi nilitaka kucheka pia, nikakosa pumzi. Dufie akaliona jasho langu. Sauti ikamshuka.

“Umeweka kile cha chini ya ulimi?”

“Nimeweka.”

“Kifua kimeachia?”

“Kimeachia.”

“Usinidanganye.”

“Kimeachia, Dufie. Kweli.”

“Kesho asubuhi tunakwenda kliniki, utake usitake. Na ukianza tena hata kidogo, tunakwenda usiku huu huu, nitakubeba.” Akaniangalia kidogo, kisha akageuka. Nikadhani ameniacha. Kumbe alikwenda mlangoni kwake, akausukuma mpaka mwisho, wazi kabisa, hata aliye bombani aone ndani.

Kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda bakuli moja. Ndizi za kuchemsha, zimepangwa. Mchuzi wa majani ya magimbi, mafuta ya mawese yanang’aa juu yake. Na katikati, kipande kikubwa cha koobi. Pembeni bakuli la maji ya kunawa, na viti viwili.

Lile beseni. Yale maji niliyokuwa nasikia yanamwagwa mchana kutwa.

“Nimemloweka tangu asubuhi,” Dufie akasema, sasa kwa sauti ya ua mzima. “Nimebadilisha maji mpaka vidole vimekunjamana, tazameni. Mimi na Birago tumegombana, ninyi wote mmesikia, hakuna aliyekosa. Basi na hili mlisikie. Namkaribisha kwangu.”

Kwetu hapa, mkigombana halafu mtu akakuita kula mbele ya watu, huna njia ya katikati. Ukila, yamekwisha. Ukikataa, umewaambia wote kwamba unaogopa atakuwekea kitu. Nikikataa mimi, muuza fufu niliyeanguka, basi lile neno la sumu nimelipiga muhuri, na Dufie hatauza samaki tena Kumasi hii. Wala hatagonga tena mlango wangu.

Na sauti ya Sista Oforiwaa ilikuwa hapa sikioni, polepole kama kawaida yake. Hata kipande. Dufie naye aliambiwa hivyo hivyo, akayaamini maji ya beseni.

Ningeweza kumwambia pale, nile ndizi tu, samaki nimwache. Lakini kila jicho uani lilikuwa juu ya kile kipande, wala si juu ya ndizi. Mama wa chumba cha kona alikuwa ameshaitua ndoo.

Nikatembea ile hatua ya kutoka kwangu hadi kwake. Kifua kimya, kama nacho kinasikiliza. Harufu ya koobi ikanipokea kizingitini, na Mungu anisamehe, mate yakanijaa.

Dufie akakaa. Akanawa. Akakivunja kile kipande katikati, akasogeza nusu upande wangu wa bakuli, ile nusu yenye nyama, kisha akaniangalia, macho yamemlowa.

“Unasimama nini hapo mlangoni kama mgeni?” akasema. “Ingia tule, shoga yangu.”